Vichujio vya Maji Misikitini: Nani Msimamizi?

Ni jambo la kupongezwa kwamba wenye uwezo miongoni mwetu wametambua thamani ya maji salama, na wakawa wanatoa vichujio vya kubebeka kuwa sadaka kwa misikiti na madrasa zetu. Kuna vile vya chungu cha udongo kilichopakwa madini ya fedha na kupachikwa ndani ya ndoo, kuna vya mrija ambao mtu huufyonza akiwa safarini, na kuna vile vidogo vyenye nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani, vinavyofungwa kwenye ndoo au chupa. Lakini ni nani, baada ya mtoaji kuondoka na dua kusomwa, anayebaki na dhima ya kukiosha kichujio hicho? Katika sehemu nyingi jibu ni kwamba hapana mtu. Na kichujio kisicho na mtu, kwa rai yangu, ni hatari zaidi kuliko kutokuwa nacho.

Rai hii inaweza kuonekana kali. Ila tutazame: asiye na kichujio hujua kwamba maji yake yana shaka, kwa hiyo huyachemsha. Mwenye kichujio ameshatua mzigo huo. Kuni ameziacha na sufuria ameiweka kando, akaukabidhi moyo wake kwa kile chombo kilichoko pembeni. Chombo kikiharibika pasina yeye kujua, hatakuwa na kinga ya kwanza wala ya pili.

Katika vitabu vya fiqhi tumezoea kuyapima maji kwa sifa tatu, rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni sahihi katika mlango wake, nao ni mlango wa twahara. Kosa ni kukihamisha na kukifanya hukumu ya maji ya kunywa. Bakteria wa kipindupindu habadilishi rangi ya maji, wala hana ladha wala harufu. Maji yanaweza kufaa kwa udhu na yakawa yamebeba maradhi. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kufika Zanzibar mwezi uliofuata haukuhitaji maji ya tope ili kuenea. Wala kuyashughulikia maji kabla ya kuyanywa si bidaa ya zama hizi, kwani Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizungumzia katika Al-Qanun kuyachuja maji na kuyachemsha.

Sasa kichujio hufanya nini hasa? Kazi yake ni kama ya chekecheo, ila matundu yake hayaonekani kwa jicho. Vichujio vingi vya nyuzi vina matundu ya maikroni 0.1, nayo maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bakteria wa kipindupindu ana unene wa nusu maikroni hivi, kwa hiyo hukwama, na vimelea vikubwa zaidi kama giardia hukwama kabla yake. Virusi, kama vile vya homa ya ini aina ya A, ni vidogo kuliko tundu hilo na hupita. Vipo vichujio vya maikroni 0.02 ambavyo huzuia hata virusi, basi maandishi ya kwenye kasha na yasomwe kabla kasha halijatupwa. Ama chumvi ya visima vya pwani, na floridi ya maji ya Arusha inayoharibu meno na mifupa, havizuiwi na chekecheo la aina hii, kwa sababu vimeyeyuka ndani ya maji yenyewe. Anayenunua kichujio cha nyuzi ili aondoe chumvi amepoteza fedha zake.

Kichujio kinachofanya kazi lazima kizibe, kwa kuwa uchafu uliozuiwa unabaki pale pale. Kupungua kwa kasi ya maji si ubovu, ni ishara kwamba wakati wa kukiosha umefika. Cha nyuzi husukumiwa maji kinyumenyume kwa bomba la sindano linalokuja nacho, na maji hayo sharti yawe yamekwisha kuchujwa. Anayekisukumia maji ya kisimani ameupeleka uchafu upande ule ule unaotakiwa kubaki safi. Cha udongo hutolewa kwa mikono iliyooshwa, kikasuguliwa taratibu kwa brashi laini na maji yaliyochujwa, bila sabuni. Sabuni ni ya ndoo na koki yake. Mrija hupulizwa kila baada ya kutumika ili maji yaliyobaki yatoke, nao ni wa mtu mmoja. Nimeona mrija mmoja ukizungushwa kwa kundi zima la wanafunzi, kila mmoja akiupokea kutoka kinywani mwa mwenzake!

Tuogope zaidi kinyume cha kuziba. Chungu kilichopata ufa, au nyuzi zilizokatika kwa kukandamizwa au kwa kuangushwa, hutoa maji kwa wepesi, na watu wakafurahi kwamba chombo kimepona. Kichujio kinachokimbiza maji kuliko siku kilipokuwa jipya kiondolewe siku hiyo hiyo, na maji yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Kukigandisha kwenye friji nako hukikata nyuzi bila alama yoyote kwa nje.

Kisha kuna suala la hesabu, ambalo kamati zetu hulipuuza. Chungu cha udongo hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa. Madrasa ya watoto 60, kila mmoja akinywa nusu lita, inahitaji lita 30, na chungu cha lita 2 kwa saa kitahitaji saa 15 za kujazwa bila kusita. Kimoja hakitoshi. Watoto wenye kiu hawangoji, watakwenda kwenye pipa. Na hata maji yaliyochujwa barabara huharibika mara moja yanapotiwa katika mtungi wa mdomo mpana ambao kila mkono huchovya kopo ndani yake. Chombo chenye mfuniko na koki ndicho kinachofaa.

Mwaka 2011, magharibi mwa Kenya, kaya zipatazo laki nane na zaidi ziligawiwa vichujio bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba miaka miwili hadi mitatu baada ya ugawaji, ni takriban kaya moja katika tano iliyosema bado inakitumia. Vyombo vilifika kwa wingi, matumizi ndiyo hayakudumu.

Wanavyuoni wetu waliliona jambo hili katika mlango wa wakfu. Walimweka nadhiri, yaani msimamizi, na wakasema kwamba pato la wakfu lianze kwa matengenezo yake kabla ya wanufaika kupewa chochote. Kichujio cha msikitini kinastahiki utaratibu huo huo. Atajwe mtu mmoja kwa jina, si kamati nzima, kwani kilicho cha wote aghalabu hakina mwenyewe. Awe na daftari la kuandika siku ya kuosha na kasi ya maji, kwa kupima dakika ngapi hupita chupa ya lita moja ikijaa. Naye mtoaji asilete chombo peke yake. Alete na brashi, koki ya akiba na fedha ya kununulia chungu kingine, na kabla hajaondoka amtake msimamizi akifungue kichujio, akioshe na kukirudisha mbele ya macho yake.