Flashi ikisema "Formater", tusibonyeze haraka



Juma lililopita tuliongea juu ya mtoto anayeruka mistari anaposoma, na tukaahidi kuendelea. Tutaendelea, lakini si leo. Kuna jambo limetupata katikati, na kwa kuwa AVEC nyingi ziko karibu kugawana, tumeona lisingoje.

Ninyi mnajua sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wa mama watatu wasiokaa avenue moja. Mmoja peke yake hawezi kulifungua. Lakini hesabu yote ya mwaka, parti za kila mama, mikopo, faida, feza ya kusaidiana, ilikuwa ndani ya flashi moja ya giga 8, iliyofungwa kwa kamba ya kiatu kwenye mkoba wa sekretere wetu. Kufuli tatu kwa feza, kamba moja kwa hesabu. Tuliona hivyo kila Jumamosi na hatukusema kitu.

Siku tisa mbele ya kugawana, sekretere alienda kwenye sekretariati moja ya hapa mjini ili kuchapisha orodha. Akaketi kwenye ordinateri, akaongeza malipo ya juma lile, akabonyeza kuhifadhi, na wakati taa ndogo ya flashi ingali inapepesa, umeme ukakatika. Delestaji. Jenereta ilipowashwa na mashini ikaamka, ikaandika kwa Kifaransa: "Vous devez formater le disque dans le lecteur E: avant de pouvoir l'utiliser." Chini yake vifungo viwili: kimoja cha kuformate, kingine "Annuler". Kijana wa pale akamwambia: "Maman, bonyeza tu hapo, itapona."

Alisema nusu ya kweli. Flashi ingepona. Hesabu ndiyo ingepotea.

Mungu amsaidie huyu dada, aliogopa, akabonyeza "Annuler", akaitoa, akaja kutuona shuleni wakati wa rekreasyo. Machozi yalikuwa tayari. "Madamu, flashi imekufa. Wa mama watasema nimekula feza."

Hatukucheka. Tunajua vikundi vilivyovunjika kwa neno dogo kuliko hilo.

Sasa tueleze ugonjwa wenyewe, maana ukiuelewa hutadanganywa na mtu. Fikirini depo moja kubwa kule sokoni Kadutu. Ndani kuna magunia ya watu wengi: maharagi, mihogo, sukari. Mlangoni kuna mlinzi na daftari lake. Daftari linasema gunia la mama fulani liko kona gani, na nafasi gani iko wazi. Flashi iko hivyo. Fishie zetu ni magunia, na mwanzoni mwa flashi kuna daftari linalosema kila fishie iko wapi. Mashini ikitaka kitu, haizunguki ndani kutafuta. Inasoma daftari kwanza.

Umeme ukikatika, au mtu akichomoa flashi wakati mashini inaandika, daftari linaweza kubaki limeandikwa nusu. Mashini inalifungua, inaona haisomeki, inasema: sijui humu ndani kuna nini, nipe ruhusa nianze daftari jipya. Neno "formater" maana yake ni hiyo. Magunia bado yako ndani ya depo! Lakini ukikubali daftari jipya, depo lote linahesabiwa kuwa tupu, na gunia la kwanza litakaloingia litawekwa juu ya la zamani. Tena ukichagua formataji ya taratibu badala ya ile ya haraka, Windows za siku hizi zinapita kila kona na kuifuta. Hapo hata fundi hodari hana la kurudisha.

Ndiyo maana neno la kwanza tulilomwambia sekretere ni: usiandike kitu tena juu ya flashi hii. Hata wimbo mmoja. Hata picha.

La pili, tulijaribu tundu lingine, kisha mashini nyingine. Wa mama, msidharau hilo. Mara nyingi flashi haina ugonjwa wowote. Ni tundu la ordinateri ya mbele lililolegea, au vumbi. Kwetu haikusaidia. Kwenye laptopu ya shule maneno yalikuwa yale yale. Tukabonyeza kulia juu ya alama ya flashi, tukaingia "Propriétés". Ikasema octet 0, na mahali pa kuandika aina ya daftari, ambapo huwa tunasoma FAT32 au NTFS, ikaandika RAW. Neno hilo linamaanisha kwamba mashini haitambui daftari la aina yoyote.

Wengi wenu mmesikia juu ya amri inayoitwa chkdsk. Mnafungua dirisha jeusi la amri, mnaandika chkdsk E: /f (herufi inapashwa kuwa ile ya flashi yenu), na Windows inasahihisha daftari. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa mwepesi. Lakini RAW si ugonjwa mwepesi: chkdsk yenyewe inakataa kuishughulikia. Na hata pale inapokubali, toeni kwanza kopi ya fishie zote zinazofunguka, kisha ndipo musahihishe. Chkdsk inataka daftari liwe safi. Haijali kama barua yako imebaki vipande. Vipande hivyo inaviweka ndani ya dosie iitwayo FOUND.000, vikiwa na jina linaloishia na CHK, na kuvirudisha kuwa kitu cha kusomwa ni kazi nyingine.

Basi tulimwendea ndugu mmoja anayefundisha enformatike kwenye shule jirani. Yeye kwenye laptopu yake ana programu mbili za bure, TestDisk na PhotoRec, zilizoandikwa na Mfaransa mmoja, Christophe Grenier. Zinatembea hata bila intaneti ikiwa mtu amekwisha kuzipakua. Ya kwanza inajaribu kutengeneza daftari lenyewe. Ya pili inaacha daftari kabisa, inapita depo lote gunia kwa gunia, inatambua hii ni picha, hii ni barua ya Word, hii ni hesabu ya Excel.

Kitu tulichopenda kwa yule ndugu: hakugusa flashi kwanza. Alitoa kopi ya flashi nzima, pamoja na uharibifu wake, akaiweka kwenye diski ya laptopu, kisha akatumika juu ya kopi. "Nikikosea," alisema, "nakosea juu ya kivuli." Fundi akianza kwa kuandika juu ya flashi yenyewe, mtoeni mikononi mwake. Vitu vinavyookolewa vilevile havirudishwi kwenye flashi ile. Vinawekwa mahali pengine.

TestDisk haikuweza. Ikabaki PhotoRec. Karibu saa nzima tukikodolea namba zinazopanda, sekretere amekaa kwenye benchi bila kusema. Mwishoni tulipata dosie yenye jina recup_dir.1, ndani yake fishie nyingi sana, zote bila majina. F na namba, f na namba. Majina yalikuwa kwenye daftari, na daftari limeharibika, kwa hiyo hayawezi kurudi. Ilitupasa kufungua moja moja. Picha za harusi. Mahubiri. Cheti cha ubatizo cha mtoto wa mtu tusiyemjua (flashi ilikuwa na mwenyewe mwingine mbele yetu, angalieni mnapouza au kupeana flashi za zamani!). Na katikati ya hizo, hesabu zetu, si mara moja bali mara sita. Excel inapohifadhi, inaandika kopi mpya na kuacha ya zamani. Ile ya zamani inakaa humo mpaka nafasi yake itwaliwe na kitu kingine. Uchafu huo ndio uliotuokoa.

Nne zilifunguka. Mbili za mwisho zilikataa, kwa maana vipande vyake vilikuwa vimetawanyika, na PhotoRec haijui kuviunga. Ile mpya kuliko zote zilizofunguka ilikomea majuma matatu nyuma.

Majuma matatu, wa mama ishirini na sita. Hapo ordinateri ilikuwa imemaliza kazi yake, ikabaki karne zetu za mkononi zenye tampo.

Tuliita mkutano Alhamisi. Hatutaficha: ulianza vibaya. Mama mmoja alisema wazi kwamba flashi za watu wengine hazifi siku tisa mbele ya kugawana. Sekretere aliinamisha kichwa. Prezidante akaomba kila mmoja atoe karne yake, na sanduku lifunguliwe mbele ya wote, feza ihesabiwe kwa sauti. Karne ishirini na nne zilisomeka bila shida. Mbili zikatusumbua.

Ya kwanza ilikuwa ya mama aliyeshikilia kwamba juma moja alileta feza ya parti tano, na karne ilionyesha tampo tatu. Sauti zilipanda. Kisha jirani yake akafungua ukurasa wa mikopo wa karne ile ile, na pale, tarehe ile ile, palikuwa pameandikwa malipo ya deni yanayolingana na parti mbili kamili. Mama akatazama muda mrefu, akasema: "Ni kweli, nilikata deni la Pasaka." Akakaa.

Ya pili ilikuwa imenyeshewa. Tampo za majuma yale zilikuwa zimekuwa doa moja la bluu. Huyo hakudai kitu, alisema tu hakumbuki. Hapo sisi walimu tulipata kazi tunayoijua: tulijumlisha yote yaliyoingia kwa wengine ishirini na watano, tukatoa kwenye feza iliyozidi ndani ya sanduku tangu hesabu ile ya mwisho tuliyookoa. Ikabaki feza ya parti saba, bila hata franka moja kuzidi wala kupungua. Tulifanya hesabu hiyo mara mbili kwenye ubao, na mara ya pili ni yule mama aliyenung'unika aliyeshika chaki.

Alimwomba sekretere radhi? Hapana, si kwa maneno. Alimletea ndizi Jumamosi.

Kuna magonjwa mengine mnayotuuliza mara kwa mara, tuyapitie upesi. Mkifungua flashi mkakuta kila dosie imegeuka kuwa njia ya mkato yenye mshale mdogo, hilo si daftari kuharibika, ni virusi. Fishie zenu ziko, zimefichwa tu. Msibonyeze zile alama, maana kila mbonyezo unaiamsha virusi. Mashini yenye antivirusi ipite kwanza, kisha andikeni attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na zitaonekana tena. Flashi inayokataa kuandikwa huenda ina kifungo kidogo pembeni cha kuifunga. Sogezeni kwanza mbele ya kulia.

Na kuna ile tunayoiita flashi ya uongo. Imeandikwa giga 64 juu, bei ni ya kushangaza, na kweli mashini inaonyesha giga 64. Lakini ndani kuna nafasi ndogo mno. Inapojaa inaendelea kusema ndiyo, ndiyo, huku ikiandika kwenye hewa. Mtagundua siku ya kufungua. Programu ya bure H2testw inaijaza flashi yote na kusoma tena iliyoandika. Ifanyeni siku ya kununua, flashi ikiwa tupu, na mumwombe mwuzaji awangoje.

Juu ya kuchomoa: tunajua kuna haraka, kuna mtu nyuma yenu anangoja kiti. Fungeni fishie, bonyezeni "Éjecter", ngojeni taa itulie. Kwenye sekretariati isiyo na betri ya akiba, msiandike moja kwa moja juu ya flashi. Wekeni fishie kwenye mashini, malizeni kazi yote, kisha toeni kopi kwenye flashi mara moja tu, na mfute ile iliyobaki kwenye mashini ya watu.

Kikundi chetu sasa kina flashi mbili na register ya karatasi. Register inaandikwa mkutanoni, mbele ya wote, na sekretere anaingiza kwenye ordinateri baadaye. Flashi moja inakaa kwa prezidante. Nyingine iko ndani ya sanduku, chini ya zile kufuli tatu, na inatoka siku ya mkutano tu. Tuligawana siku ile ile iliyopangwa.

Na ile flashi ya zamani, tuliiformate mwishoni, kwa taratibu, hesabu zilipokuwa salama mahali pawili. Inatembea. Tumewapa watoto wa mwaka wa tano waweke nyimbo zao, na kamba ya kiatu bado iko.