Mbwa Wako Umemkabidhi Nani?

Mkulima wa Londiani akitaka kununua mbegu ya mahindi husoma mfuko kwanza. Akitaka viazi vya kupanda huvigeuza mkononi kimoja kimoja atazame macho yake. Ng'ombe wake akitaka kupandishwa, huuliza mbegu ni ya fahali gani na mpandishaji amesomea wapi. Lakini apite mtu na bomba la sindano mfukoni, aseme, "Nachanja mbwa," na mara mbwa wote wa boma huitwa wadungwe, wala hapana anayeuliza swali hata moja. Jambo hili si jema, na yafaa tuliseme waziwazi.

Wako watakaojibu kwamba mbwa ni mbwa tu. Sivyo. Mbwa wa mkulima ni askari wa zizi na wa ghala, na watoto humshika na kucheza naye kutwa. Akiugua kichaa, hasara haiishii kwake. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na hata leo haujatutoka. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba katika kila watu 100 wanaoupata, hata 99 hivi huambukizwa na mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Ng'ombe aliyeumwa naye hulia ovyo na kutoka mate, na mwenyewe hudhani amekwamwa na kitu kooni. Basi humtia mkono kinywani, na hiyo ndiyo hatari kubwa.

Dawa ya kuuzuia iko, nayo ni chanjo ya mbwa. Wataalamu wasema kwamba mahali wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba uchanjaji wa namna hiyo uliuondoa mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016 watu walichanja tena kwa bidii, na mwaka 2018 ukatoweka mara ya pili. Serikali yetu nayo ilitoa mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030.

Lakini chanjo si maji. Hutakiwa kukaa katika baridi, kati ya digrii 2 na 8 za Selsiasi, tangu inapotengenezwa hata inapoingia katika ngozi ya mbwa. Ikishinda kutwa mfukoni mwa koti, au juani nyuma ya pikipiki, nguvu yake yaweza kupotea, nawe kwa macho huwezi kuitambua. Kwa hiyo nasema kwamba sindano mbovu ni mbaya kuliko kukosa sindano. Mtu ambaye mbwa wake hakuchanjwa huwa na hadhari. Mtu aliyedanganywa hulala usingizi, na mtoto wake akiumwa husema, "Si kitu, mbwa wetu amechanjwa." Siku zinapita, na nafasi ya kumwokoa mtoto inapita nazo.

Basi tumchague nani, na kwa njia gani?

Kwanza, uliza usajili wake. Sheria ya mwaka 2011 yataka kila daktari wa mifugo, na kila msaidizi wake aliyesomea kazi hiyo, awe ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya na awe na leseni. Huduma za mifugo sasa ziko chini ya kaunti, lakini Katiba ya mwaka 2010 iliiacha kazi ya kusimamia taaluma hiyo mikononi mwa Serikali ya taifa. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kujuana na mkubwa fulani kijijini kwatosha. Mwenye haki ya kufanya kazi hii haoni haya kuonyesha karatasi yake. Ukiwa na shaka, peleka jina lake na nambari yake katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Kumbuka pia kwamba kuuza dawa dukani hakumfanyi mtu kuwa daktari.

Pili, tazama vyombo vyake. Chanjo iwe ndani ya sanduku lenye barafu. Soma chupa uone tarehe ya mwisho wa kutumika. Chupa iliyofunguliwa jana si ya kutumiwa leo. Kila mbwa apate sindano yake safi.

Tatu, msikilize. Aliyesoma kazi yake huuliza kabla ya kudunga: mbwa ana umri gani, anakula, amepata kuumwa na mbwa mwingine? Naye hukueleza kwamba mtoto wa mbwa huchanjwa akitimiza miezi 3, kwamba kinga huchukua wiki kadhaa kukomaa, na siku ya kurudia chanjo. Tena hukuonya usimpe mbwa matumbo mabichi yenye malengelenge ya maji unapochinja kondoo, maana humo hutoka minyoo inayowadhuru watu.

Nne, dai kadi. Iandikwe tarehe, jina la chanjo, nambari ya chupa na sahihi ya mchanjaji. Asiyetaka kuweka sahihi kwa kazi yake, kwa nini umlipe?

Najua jibu la wengi: daktari yuko mbali na bei yake ni kubwa. Ni kweli, wala si haki kumlaumu maskini kwa umaskini wake. Lakini safari ya daktari ni ile ile, akija kwa mbwa mmoja au kwa mbwa 40. Wanachama wa chama cha maziwa, au majirani wa kijiji kimoja, wakichanga pamoja na kuchagua siku moja, gharama ya safari hugawanyika. Na kaunti ikitangaza siku ya kuchanja, tusiwaachie watoto peke yao kazi ya kuwapeleka mbwa.

Liko neno pia juu ya wanaojiita wafunza mbwa. Bodi hiyo haiwaandikishi, kwa hiyo ni juu yako kupima kazi yao. Mwambie akuonyeshe mbwa aliowafunza, utazame wanavyomjia. Wakija kwa furaha na kutii neno moja, huyo ni mwalimu. Wakinywea na kuficha mkia, huyo ni mpigaji tu. Anayemlisha mbwa pilipili au bangi ili awe mkali mfukuze, maana ukatili kwa wanyama ni kosa kwa sheria, na mbwa aliyetiwa wazimu hachagui kati ya mwizi na mwenye nyumba. Mwalimu mwema hukufundisha na wewe, maana ndiwe utakayekaa na mbwa huyo.

Na kama mtu ameumwa, usingoje kuchunguza kadi ya mbwa. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku ile ile, na azimalize sindano zote atakazoandikiwa.

Wazee walisema, rahisi ghali. Shilingi chache tunazookoa kwa mchanjaji asiyejulikana twaweza kuzilipa kwa uhai wa mtoto. Atakapokuja tena mwenye bomba mfukoni, mkulima mwenzangu, mkaribishe kwa adabu, mpe kiti, halafu mwulize: "Karatasi yako iko wapi, na barafu yako iko wapi?"