Mwigo na Asili: Ubora wa Sigara za Umeme za Bei Rahisi

Vijana wengi, na mara nyingine hata walimu wao, huuliza swali hili: je, sigara ya umeme iliyoigwa, inayouzwa kwa bei ya chini, ina ubora sawa na ile ya asili iliyotoka kwa mbunifu wake? Majibu yanayosikika ni mawili. Wapo wasemao kwamba chuma ni chuma na umeme ni umeme. Anayelipa mara kumi zaidi analipia jina tu. Wapo pia wasemao kwamba kila kilichoigwa ni takataka. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yana kasoro moja: yanakipima chombo kwa jina lake. Ubora haukai katika jina. Ni jambo la kupimwa kwa mizani, kwa maikromita na kwa hesabu, na ukishapimwa jibu lake huwa tofauti kwa kila sehemu ya chombo.

Chombo chenyewe

Sigara ya umeme haichomi tumbaku. Ndani yake mna betri, waya uliosokotwa uitwao koili, pamba, na kioevu chenye gliserini, propilini glaikoli, vionjo, na aghalabu nikotini. Umeme wa betri hupasha koili moto, kioevu kilichonyonywa na pamba hugeuka mvuke, na mtumiaji huuvuta mvuke huo mapafuni. Mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alipata hataza ya chombo cha namna hii mwaka 2003, na kikaanza kuuzwa nchini mwake mwaka 2004.

Yafaa ifahamike kwamba ugomvi wa mwigo na asili ulianza huko huko kilikozaliwa. Chombo cha Hon Lik kiliigwa upesi na viwanda vingine vya China na vya ng'ambo, kesi zikafuata, na mwaka 2013 hataza zake zikauzwa kwa kampuni ya tumbaku ya Uingereza, Imperial Tobacco, kwa dola milioni 75 za Marekani. Wakati huo huo mafundi wa karakana ndogo za Ugiriki, Ujerumani, Ufilipino na Marekani walikuwa wakichonga vyombo vya shaba na vya chuma kisichoshika kutu, vichache kwa idadi na ghali kwa bei. Haikuchukua muda kabla viwanda vya Shenzhen, kusini mwa China, havijatoa mifano yake kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Lakini tusidhani kwamba asili hutoka Ulaya na mwigo hutoka China. Sehemu kubwa sana ya sigara za umeme za dunia nzima, zenye majina makubwa na zisizo na jina, hutengenezwa katika mji huo mmoja wa Shenzhen.

Hapa hapana budi tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa. Mwigo ni chombo kilichofuata umbo la kingine, na mnunuzi anajua hivyo. Bandia ni chombo kilichobeba jina, nembo na hata namba za uthibitisho za mwingine, ili mnunuzi adhani amenunua asili. Wa kwanza anaweza kuwa fundi mwema asiye na ubunifu. Wa pili ni mwongo tangu mwanzo, na aliyedanganya juu ya jina hana sababu ya kusema kweli juu ya kilichomo ndani.

Mahali mwigo unapoweza kulingana na asili

Haki itendeke kwanza. Bomba la shaba ni bomba la shaba. Ikiwa fundi wa pili ametumia madini yale yale, akakata hesi kwa usahihi ule ule, na akaacha matundu ya hewa yenye kipenyo kile kile, basi Kanuni ya Ohm haitauliza ni nani aliyechora umbo hilo kwanza. Bei ya juu ya chombo cha asili aghalabu hulipia uchache wake, sifa ya fundi wake, na fahari ya mwenye nacho. Mambo hayo hayaongezi hata wati moja. Kwa hiyo anayesema kwamba mwigo wa mwili wa chombo unaweza kuwa sawa na asili hasemi uongo.

Shida ni kwamba mwigaji huanza na kile kinachoonekana, kwa kuwa ndicho kinachomvuta mnunuzi. Rangi, uzito mkononi, nakshi na sanduku huigwa vizuri. Mahali pa kupunguza gharama ni pale pasipoonekana: kihami kinachotenga chanya na hasi, tundu la kutolea gesi betri ikipata joto, saketi ya kuzuia betri isijazwe kupita kiasi, na zaidi ya yote, betri yenyewe. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hesabu ya betri

Betri inayotumika sana katika vyombo vikubwa vya namna hii ni ya lithiamu, yenye umbo la mcheduara, kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikijaa huwa na volti 4.2. Tuchukue koili yenye ukinzani wa omu 0.15, kama wanavyopenda watu watakao mvuke mwingi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua kwamba betri nayo ina ukinzani wake wa ndani. Tuseme betri nzuri ina ukinzani wa ndani wa omu 0.03. Ukinzani wote ni omu 0.18, na mkondo ni 4.2 kugawanya kwa 0.18, yaani ampea 23.3. Joto linalozaliwa ndani ya betri ni mkondo mara mkondo mara ukinzani wa ndani: karibu wati 16.

Sasa tuiondoe betri hiyo na kuweka nyingine yenye sura na lebo ile ile, ila ukinzani wake wa ndani ni omu 0.10. Ukinzani wote ni omu 0.25, mkondo ni ampea 16.8, na joto linalozaliwa ndani ya betri ni karibu wati 28. Katika betri ya kwanza sehemu moja katika sita ya nishati ilipotea ndani yake. Katika ya pili ni sehemu mbili katika tano. Mtumiaji anaona mvuke umepungua, naye hubonyeza kitufe kwa muda mrefu zaidi. Anachoshika mkononi, karibu na uso wake, ni kopo lililofungwa lenye kioevu kinachowaka, likipashwa moto kutoka ndani kwa nguvu inayolingana na ya pasi ya kulehemu redio.

Hii si hofu ya vitabuni. Idara ya Zimamoto ya Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2017, ilihesabu matukio 195 ya sigara za umeme kuwaka au kulipuka nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016, na watu 133 walioumia. Taarifa ilieleza pia sababu ya kimaumbile: chombo ni bomba lenye ncha dhaifu, hivyo betri ikipasuka hurushwa kama roketi. Mtu mmoja alikufa kwa mlipuko wa namna hiyo katika jimbo la Florida mwaka 2018, na mwingine Texas mwaka 2019.

Lebo za betri hizi ni somo peke yake. Betri bora za kipimo hicho zinazouzwa kwa wingi hubeba karibu miliampea-saa 3,500, nazo zinazoweza kutoa ampea 20 hadi 30 hubeba pungufu ya hapo, kwa kuwa huwezi kuzidisha vyote viwili ndani ya nafasi ile ile. Lakini sokoni zipo zilizoandikwa 9,900. Hakuna kiwanda duniani kilichoweza kutia kiasi hicho ndani ya kopo hilo. Baadhi zilipofunguliwa zilikutwa na betri ndogo zaidi ndani, na nafasi iliyobaki imejazwa unga au mchanga. Nyingine ni betri halisi za daraja la chini, zilizovuliwa ganda lake na kuvishwa jipya lenye namba kubwa.

Kioevu

Kioevu ni kibaya zaidi, maana hakipimwi kwa macho hata kidogo. Mwaka 2019 Marekani ilipatwa na ugonjwa wa ghafula wa mapafu miongoni mwa watumiaji wa vyombo hivi. Kufikia tarehe 18 Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na kati yao 68 walikufa. Wengi walikuwa vijana, na wengi walikuwa wametumia vibweta vyenye kiini cha bangi, vilivyonunuliwa kwa marafiki au kwa wauzaji wa kichochoroni. Vifungashio vyenye nakshi na majina ya kuvutia viliuzwa vitupu, na yeyote aliweza kuvijaza atakacho. Wachunguzi walipopima majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta asetati ya vitamini E kwa wagonjwa 48. Kwa watu 99 wenye afya waliolinganishwa nao hawakuikuta. Kitu hicho ni mafuta mazito yanayotumika salama katika vipodozi vya ngozi na katika vidonge vya kumeza. Kilitiwa ili kioevu kilichozimuliwa kionekane kizito na chema. Hata katika mapafu, basi, mwigaji aliiga sura.

Maana ya neno asili

Je, tuseme basi kwamba anayenunua asili amesalimika? Hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wa asili. Chombo cha asili kinaahidi jambo moja tu: kwamba kilivyo ndivyo mtengenezaji wake alivyosema. Hakiahidi kwamba alichosema ni chema kwako. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza vyombo vya watumiaji 56 wa kawaida, wakakuta risasi, kromi na nikeli zikihama kutoka katika koili iliyopata moto na kuingia katika mvuke. Viwanda vikubwa vya betri vya Korea na Japani vimetangaza kwamba betri zao za mcheduara hazikukusudiwa kuuzwa mojamoja kwa kazi hii. Na nikotini halisi kabisa, safi kabisa, iliyopimwa kwa uangalifu, ni sumu inayoutia mwili utumwani, nao ubongo wa kijana, ambao haujakamilika kukua hadi kama umri wa miaka 25, ndio unaotekwa upesi zaidi. Chombo kikiwa bora zaidi katika kazi yake, nikotini hufika upesi zaidi. Mwezi Desemba 2018 Daktari Mkuu wa Marekani alitangaza kwamba uvutaji wa mvuke miongoni mwa vijana umekuwa janga la mlipuko. Na vyombo vilivyoleta janga hilo mashuleni kwa sehemu kubwa havikuwa vya kuigwa, bali vya asili, vizuri, na vyenye majina.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwili wa chombo unaweza kuigwa ukalingana na asili. Betri, saketi na kioevu haviaminiki bila kipimo, na bandia hushindwa hasa pale ambapo kushindwa kunaumiza. Lakini swali la asili na mwigo ni la pili. La kwanza ni: chombo hiki kinafanya nini, na je, kazi hiyo inafaa ifanywe? Uganda ililijibu swali hilo kwa sheria yake ya mwaka 2015 iliyopiga marufuku sigara za umeme. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2014, uliruhusu lakini ukaweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini katika mililita moja. Nchi zinaweza kutofautiana katika jibu. Haifai kuliacha swali lijibiwe na muuza duka.

Kazi ya mwalimu

Nawashauri walimu wa fizikia na kemia wasiliache jambo hili kwa mwalimu wa nidhamu peke yake. Betri hizi hizi zimo katika tochi za kuchaji na taa za jua zilizomo majumbani mwetu, hivyo somo linawahusu wanafunzi wote, hata ambao hawajapata kuiona sigara ya umeme. Pima uzito wa betri kwa mizani ya maabara: iliyo halisi ya kipimo tulichokitaja ina gramu 45 hivi, na iliyopungua sana chini ya hapo ina la kueleza. Soma lebo, kisha uliza kama namba yake inawezekana. Fanya ile hesabu ya ukinzani wa ndani ubaoni. Jambo moja likatazwe kabisa: mwanafunzi asimenye ganda la betri ya lithiamu, asiitoboe, wala asiunganishe ncha zake mbili kwa waya.

Serikali nazo zina wajibu wao. Shirika la Viwango la Kenya lilianzishwa mwaka 1974 na lile la Tanzania mwaka 1975, ili mwananchi asilazimike kuwa na maabara nyumbani. Yafaa viwango vya betri za lithiamu vidai namba za kweli katika lebo: uwezo, mkondo wa juu na tarehe ya kutengenezwa, nazo zipimwe bandarini kabla ya mzigo kutawanyika. Lakini hakuna shirika litakalopima kila betri. Mwanafunzi aliyezoea kudai kipimo kabla ya kuamini ataitambua betri yenye mchanga ndani. Naye huyo huyo, akipewa sigara ya umeme ya asili yenye sanduku zuri, atauliza ni miligramu ngapi za nikotini zimo humo, na zinaingia mwilini mwake kwa faida ya nani.