Malaria ya mtoto haitibiwi kwa kijiko cha unga

Hapa Goma, homa ikimshika mtoto, kuna wazazi wanaochemsha unga wa majani ya artemisia. Mmea wenyewe si wa kudharau: ndani yake Tu Youyou wa China alipata artemisinini, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini alifaulu alipoacha kuchemsha na kutumia etha kwa joto dogo, kwa sababu moto unaweza kuharibu dawa hiyo, nayo haiyeyuki vizuri majini.

Je, kikombe kimoja kina dawa kiasi gani? Mama hawezi kujua. Dawa ikiwa haba, vimelea hubaki na huweza kuizoea. Shirika la Afya Duniani, OMS, haliungi mkono chai hiyo. Mtoto apelekwe kituo cha afya apimwe, leo, si kesho. Wauzaji nao wasiite dawa unga usiopimwa maabara.