Mizani Mkononi mwa Mtu Mmoja

Wako wasemao kuwa mchezaji aliyetuhumiwa uovu hana haki ya kunung'unikia adhabu. Hoja hii ni dhaifu. Mwaka 2014 Ray Rice, mchezaji wa Baltimore Ravens katika ligi ya NFL ya Marekani, alimpiga mchumba wake. Mkuu wa ligi, Roger Goodell, alimzuia kucheza michezo 2 tu. Filamu ya kipigo ilipoonekana na watu wote mwezi wa Septemba, alimzuia pasipo kikomo. Tarehe 28 Novemba jaji mstaafu Barbara Jones aliitangua adhabu ya pili, kwa kuwa Rice hakuudanganya uongozi, na kosa moja haliadhibiwi mara mbili.

Adhabu ya kwanza ilimdhulumu mwanamke. Ya pili iliidhulumu sheria. Dhuluma zote mbili zilitoka katika mkono mmoja. Mapatano ya mwaka 2020 yalileta mwamuzi asiye upande wowote asikilize mashtaka kwanza, lakini rufani ikabaki kwa mkuu yuleyule au mjumbe wake. Hiyo ndiyo kesi ya nyani kuhukumiwa na ngedere. Mshitaki asiwe hakimu, na kiasi cha adhabu kiandikwe kabla ya kosa, si baada ya kelele.