Stesheni bila soko ni hasara kwa mkulima

RAIS Mwai Kibaki alipofungua stesheni ya treni ya Syokimau mnamo Novemba 2012, wengi walimpongeza abiria ambaye angeepuka msongamano wa magari katika Barabara ya Mombasa. Ni wachache waliouliza mkulima angefaidi vipi.

Swali hilo lingali na uzito kila stesheni inapojengwa au kupanuliwa viungani mwa Nairobi. Treni ya abiria hukusanya watu wenye mapato mahali pamoja, saa ile ile, kila jioni. Tuseme imeshusha abiria 1,000 na robo yao wakanunua mboga na matunda ya Sh100 kila mmoja. Hizo ni Sh25,000 kwa treni moja.

Syokimau ilijengewa maegesho ya magari, na ilistahili. Lakini mama mboga anayeuza karibu na stesheni bila kibanda hupanga nyanya zake chini, jicho moja kwa mteja, jingine kwa askari wa kaunti. Akifurushwa, bidhaa huharibika. Hasara hiyo humrudia mkulima, kwani siku inayofuata mchuuzi huagiza kreti moja badala ya mbili.

Tatizo ni la mipango. Chini ya Katiba ya 2010, reli ni jukumu la serikali kuu, ilhali masoko ni ya kaunti. Pande hizi mbili zisipoketi pamoja, stesheni hukamilika kabla ya yeyote kukumbuka soko.

Wapo wanaohofia kwamba soko litaleta uchafu na kuziba njia ya abiria. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu ya kulipanga mapema: liwe na paa, maji, choo, taa na mahali pa kupakulia mizigo, hatua chache kutoka langoni. Ardhi ikishapanda bei, mchuuzi mdogo hatapata nafasi tena.

Wakulima nao wasikae kitako. Mkulima mmoja wa Yatta au Kangundo hawezi kujaza kibanda kila siku. Ishirini wakiungana katika chama cha ushirika na kupanda kwa zamu, wataweza, tena bila kumtegemea broka.

Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni. Ulizeni ploti ya soko iko wapi, kabla ya saruji kumwagwa.