Mume na Mke Katika Nchi za Jua la Usiku

Saa ya Kiswahili, ndugu msomaji, ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu, likitua tunaanza upya, na kwa kuwa hapa kwetu jua halina hila, hesabu hiyo imetufaa tangu enzi za mababu. Sasa ichukue saa hiyo uende nayo Stockholm katikati ya mwezi wa Juni. Jua litatua saa nne usiku na dakika chache, kisha litachomoza tena saa tisa na nusu, wakati ambao kwetu hata muuza maziwa hajaamka. Kati ya nyakati hizo mbili giza haliji sawasawa. Hubaki mwanga wa kijivu kama ule wa magharibi yetu, ukakawia angani mpaka asubuhi. Na ukipanda kaskazini zaidi, hadi mji wa Tromsø nchini Norwe, jua halitui kabisa kuanzia yapata Mei 20 hadi karibu Julai 22.

Nimelitanguliza jambo hilo kwa sababu ukurasa huu ni wa jamaa, na mume na mke ambao hawajalala siku nne hugombana hata juu ya chumvi. Wengi husema walikosana safarini kwa ajili ya fedha au kwa ajili ya njia iliyopotea. Ukichunguza utakuta walikosana kwa ajili ya usingizi. Basi mama asisahau khanga mbili za ziada, kwani mapazia ya nyumba nyingi za wageni ni mepesi, na khanga ikitundikwa dirishani hufanya kazi ya usiku. Nanyi mkubaliane tangu mwanzo saa ya kulala, mkiifuata saa ya ukutani wala si saa ya mbinguni.

Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hili lina uzito zaidi. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia mwezi wa Juni, na waliofunga Stockholm walifunga zaidi ya saa 18 kila siku. Sala ya Isha na ile ya Alfajiri hukaribiana mno, na wanavyuoni wana rai mbalimbali juu ya kuzitenganisha. Uliza katika msikiti mkuu wa mji huo, katika kisiwa cha Södermalm. Jengo lenyewe zamani lilikuwa mtambo wa umeme, likafunguliwa kuwa msikiti mwaka 2000.

Huenda utauliza, nani kati yetu aendaye huko kutembea tu na mkewe? Si wengi, ni kweli. Lakini nchi hizi si ngeni kwetu. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975 vilifuata mfano wa vyuo vya Uswidi, ambavyo navyo mzizi wake ni Denmark, chuo cha kwanza kikiwa kile cha Rødding mwaka 1844. Watu wetu wengi wamesoma huko, na wengine wana watoto au ndugu walioweka makazi huko. Mzee mstaafu akialikwa na mwanawe, asimwache mkewe nyumbani kulinda kuku.

Na hapo ndipo penye neno langu hasa. Sheria ya Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Tunazitumiaje? Tunakwenda kijijini kuwaamkia wazee, kulipa michango iliyolala, kusimamia ukuta unaojengwa. Hayo yote ni wajibu, na hakuna anayeyadharau. Lakini mtazame mke katika likizo hiyo: amebadilisha jiko tu, ametoka jiko la mjini ameingia jiko la ukweni. Huko Uswidi, sheria ya mwaka 1938 iliwapa wafanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo, na madai ya miaka mingi yakayafikisha matano mwaka 1978. Mwezi wa Julai viwanda vingi husimama na maofisi hubaki matupu. Nusu ya mji iko kwenye vibanda vya mbao kando ya maziwa, mume, mke na watoto. Kwa hiyo kama una shida ya kikazi ofisini kwao, usiende Julai.

Anzieni Copenhagen, lakini msikawie sana. Bustani ya starehe ya Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843, inafaa kwa jioni moja. Barabara ya Strøget imefungiwa magari tangu mwaka 1962, na watu hutembea humo kwa miguu wakitazama madirisha ya maduka. Kutazama ni bure. Yule Nguva Mdogo wa shaba aketiye juu ya jiwe bandarini tangu mwaka 1913 huwavunja moyo wageni kwa udogo wake, maana urefu wake haufiki mita moja na nusu. Kisha pandeni treni ya Malmö. Zamani mkondo huo wa bahari ulivukwa kwa meli, kama tuvukavyo Kigamboni kwa pantoni. Tangu Julai 2000 kuna daraja la karibu kilomita 8, ambalo hushuka kwenye kisiwa kilichotengenezwa na watu, na kutoka kisiwani njia huzama katika handaki chini ya bahari hadi Denmark.

Neno moja la fedha kabla ya kuvuka. Nchi zote tatu hutumia sarafu iitwayo krona au krone, lakini ni sarafu tatu mbalimbali zenye thamani mbalimbali, na ya Denmark hailipi mkate Norwe. Viza ni moja kwa zote tatu. Chakula cha hotelini ni ghali kupita kiasi. Nunueni mkate, jibini na samaki dukani, mle kwenye bustani kama wenyeji wafanyavyo. Maji ya bomba ni safi na hayauzwi. Mwenye kushika kibeti awe mmoja, na kila jioni mwenzake aelezwe kilichobaki.

Stockholm imejengwa juu ya visiwa 14, na huko mtafurahi kukaa siku nyingi. Msikose kuiona meli iitwayo Vasa. Mfalme Gustav II Adolf aliagiza ijengwe na mizinga 64, na tarehe 10 Agosti 1628 ikafunguliwa kamba mbele ya umati. Mabaharia walikuwa wameruhusiwa kuwapakia wake na watoto wao kwa mwendo wa kwanza. Meli ilikuwa nzito juu, nyepesi chini. Upepo ukaipiga, ikalala ubavu, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama kabla ya kufika hata kilomita moja na nusu. Watu wapatao 30 walikufa. Uchunguzi ulifanywa, wala hakuadhibiwa mtu, kwa kuwa vipimo mfalme mwenyewe alikuwa ameviridhia. Ikaibuliwa mwaka 1961, karibu nzima, baada ya miaka 333. Mafundi wetu wa majahazi watauliza mbao zilisalimikaje bila deheni. Jibu ni kwamba maji ya bahari ile yana chumvi kidogo mno, na yule mdudu atoboaye mbao hawezi kuishi humo.

Kisha tembeeni hadi barabara ya Sveavägen. Hapo, usiku wa Februari 28, 1986, Olof Palme, waziri mkuu, alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu na mkewe Lisbeth kutoka kutazama sinema. Walinzi hawakuwapo. Alipigwa risasi akafa. Mkewe alikwaruzwa na risasi ya pili. Juma moja kabla yake alikuwa amehutubia mkutano wa kupinga ubaguzi wa rangi, Oliver Tambo naye akiwapo. Kaburi lake liko jirani, katika uwanja wa kanisa la Adolf Fredrik. Kwa Mwafrika aliyeyajua mapambano ya Kusini, hapo si mahali pa kupita upesi.

Mtakapokuwa mmepumzika bustanini mtaona kitu kingine: wanaume vijana, asubuhi ya siku ya kazi, wakisukuma vigari vya watoto, wawili wawili, wakizungumza. Si kwamba hawana kazi. Tangu mwaka 1974 sheria ya Uswidi huwaruhusu baba na mama kugawana likizo ya uzazi. Sasa ni siku 480 kwa mtoto mmoja, na siku 90 kati ya hizo ni za kila mzazi peke yake, asipozichukua zinapotea. Sheria yetu ya mwaka 2004 ilimwekea mama siku 84 na baba siku 3. Najua kwamba Uswidi ni nchi tajiri na sisi tuna hesabu zetu. Lakini siku 3, ndugu zangu, hazitoshi hata kujua nepi zinaanikwa wapi. Likiwapandisheni hasira jambo hili, mkabishane juu ya benchi hilo hilo. Nadhani hayo ni mabishano yenye faida kuliko yale ya chumvi.

Oslo nendeni kwenye bustani ya Gustav Vigeland. Zimo sanamu zaidi ya 200 za shaba na mawe, karibu zote watu uchi, na msione haya. Humo wamo baba wanaorusha watoto juu, mke aliyempa mumewe mgongo, wazee wawili walioegemeana. Katikati umesimama mnara wa jiwe moja, kimo chake mita 14, uliochongwa watu 121 wakipandana. Mafundi watatu waliuchonga kwa miaka zaidi ya kumi.

Sasa treni ya Bergen, mwendo wa saa saba hivi. Kaeni dirishani. Stesheni ya Finse iko mita 1,222 juu ya bahari. Arusha yetu iko juu zaidi na inaotesha kahawa, ilhali Finse mwezi wa Julai bado ina theluji. Shukeni Myrdal mkapande treni ndogo ya Flåm. Katika kilomita 20 huteremka zaidi ya mita 860, ikipita mahandaki 20, hadi ukingoni mwa maji ya chumvi. Hayo maji ni hori la bahari, wenyewe husema fjord: barafu nene ilichimba bonde kwa maelfu ya miaka, ikayeyuka, bahari ikaingia. Sognefjord, hori kuu, ina urefu wa kilomita zaidi ya 200 na kina cha mita 1,308. Pandeni meli ya kwenda Gudvangen. Tawi moja hupungua upana hadi mita 250, milima imesimama wima pande zote, na maporomoko ya maji huanguka kimya kwa jinsi yalivyo mbali. Na kama fedha zimepungua, sheria ya Norwe ya mwaka 1957 humruhusu mtu yeyote kupiga hema katika ardhi isiyolimwa hadi siku mbili, mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya watu.

Bergen hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Kiangazi cha huko hakijui ukame, chukueni makoti. Zile nyumba za mbao za Bryggen zilikuwa za wafanyabiashara wa Kijerumani walionunua ng'onda wa kaskazini kwa nafaka. Walikatazwa kuoa, na kwa kuogopa moto walikatazwa hata kuwasha jiko ndani. Karne kwa karne mtaa wa wanaume watupu, wakila katika kumbi za pamoja. Ng'onda wenyewe bado wanauzwa. Hukaushwa kwa upepo bila chumvi, huroweshwa siku kadhaa, kisha huliwa na viazi ulaya. Ukiuliza nazi watakushangaa.